Kutoka Sanamu ya Askari hadi Barabara ya Ngong: Kisa cha Ndege ya Mjapani

Ikiwa wewe ni mkazi wa Nairobi, bila shaka umeipita mara nyingi ile sanamu ya askari iliyo katika Barabara ya Kenyatta bila hata kuitupia jicho. Usijilaumu. Mimi mwenyewe niliipita kwa zaidi ya miaka kumi nikikimbilia kazini, na siku niliyosimama kuitazama sawasawa nilisimamishwa na swali la mtoto.

Mpwa wangu, mwanafunzi wa shule ya upili, alikuwa ametazama filamu ya katuni ya mwaka 2013 iliyotengenezwa na Mjapani Hayao Miyazaki. Inasimulia habari za mhandisi aliyebuni ndege ya kivita iitwayo Zero. Kijana alivutiwa mno na ndege hiyo, akaichora nyuma ya daftari lake la hesabu. "Mjomba," akaniuliza, "hii ndege iliwahi kufika kwetu?"

Nilimjibu upesi kwamba haikufika. Kisha nikamkumbuka babu yangu mzaa mama, ambaye ni babu wa mama yake. Mzee huyo alipigana Burma. Jioni akishika kikombe chake cha bati alikuwa akipenda kusema, "Siro ilitupitia juu ya vichwa, tukalala matopeni." Sisi watoto tulidhani Siro ni jina la mtu. Nilikuwa nimekwisha kuwa mtu mzima, na babu amekwisha kuzikwa, nilipong'amua kwamba alikuwa akisema Zero.

Basi Jumamosi iliyofuata nilimchukua kijana tukatoka. Nawe ukitaka kuifuata safari hii na watoto wako, haihitaji fedha nyingi. Nauli ya matatu na viatu vya kutembelea vinatosha.

Anzia pale Barabara ya Kenyatta, ambayo zamani za ukoloni iliitwa Delamere. Sanamu hiyo ya shaba nyeusi ilichongwa na James Alexander Stevenson, ikazinduliwa mwaka 1928. Ina watu watatu, miongoni mwao mpagazi, yaani mmoja wa wale waliobeba mizigo ya jeshi vichwani katika Vita Vikuu vya Kwanza. Maandishi yake yako katika lugha tatu: Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Msomee mwanao, halafu umwambie atafute jina la mtu hata mmoja. Hataliona. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayoshughulikia makaburi ya vita ilikiri wazi kwamba wafu wasiopungua 116,000 wa vita hivyo, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao, au hawakukumbukwa popote. Sanamu iliwekwa mahali pa majina.

Kijana wangu alizunguka jiwe lote mara mbili. Hakusema kitu.

Kutoka hapo tembea hadi stesheni ya reli, upande matatu ya namba 111 iendayo Ngong. Ukibahatika kupata kiti karibu na dirisha, hapo ndipo pa kumsimulia mtoto habari za Zero, maana foleni ya magari itakupa muda wa kutosha.

Mwaka 1937 jeshi la majini la Japani lilitoa masharti ya ndege mpya ya kupigana kutoka kwenye manowari za kubebea ndege. Ilitakiwa ikimbie kilomita 500 kwa saa, ikae hewani saa sita au zaidi ikiwa na tangi la ziada, na iruke kutoka mahali pafupi mno, yapata mita 70 tu dhidi ya upepo. Juu ya hayo ibebe mizinga miwili midogo, bunduki za rashasha na redio. Na igeuke kwa wepesi kuliko ndege ya adui. Kampuni ya Nakajima iliyatazama masharti hayo ikajitoa. Ikabaki Mitsubishi, na kazi ikaangukia mikononi mwa mhandisi mmoja aliyezaliwa mwaka 1903, Jiro Horikoshi.

Tatizo lake lilikuwa injini. Ile aliyopewa mwanzoni ilikuwa na nguvu za farasi wasiotimia 800, na hata ile iliyotumika baadaye haikufikia 1,000. Kama huwezi kuongeza nguvu ya punda, punguza mzigo, na hilo ndilo alilolifanya Horikoshi.

Hapa acha nikushushe Dagoretti Corner, karibu na makao makuu ya idara ya utabiri wa hali ya hewa. Kando ya Barabara ya Ngong, kwa miaka mingi, mafundi wa mbao na chuma wamekuwa wakitengeneza vitanda, makochi na mageti mbele ya macho ya wapita njia. Tulisimama karibu na fundi mmoja aliyekuwa akichomelea geti. Nikamwambia kijana alitazame. Fundi wa geti akitaka kazi yake idumu huongeza chuma. Mabomba huwa mazito na bati nene, maana geti haliendi popote. Fundi wa ndege hana ruhusa hiyo. Kila gramu anayoongeza lazima injini iibebe angani.

Kwa hiyo Horikoshi alitumia madini mapya ya alumini yaliyochanganywa na zinki, ambayo kampuni ya Sumitomo ilikuwa imeyavumbua mwaka 1936. Alumini unaijua, ni ile ya sufuria za jikoni. Lakini hii ilikuwa na nguvu zaidi, hivyo angeweza kuifanya nyembamba bila kuvunjika. Mbavu za ndani ya ndege zilitobolewa matundu ili uzito upungue. Vichwa vya ribiti vilizamishwa viwe sawa na ngozi ya ndege, upepo upite bila kukwaruza. Mabawa hayakufungwa kwa bolti nzito ubavuni kama ilivyokuwa desturi, bali yalijengwa pamoja na sehemu ya mbele ya kiwiliwili kama kitu kimoja. Hata nyaya za kuongozea mkia alizifanya zivutike kidogo, ili rubani asiukate mno usukani ndege inapokwenda kasi. Jambo hilo la mwisho ndilo linalonishangaza mimi. Wahandisi wengine walikuwa wakitafuta nyaya ngumu zaidi, yeye akatafuta laini.

Matokeo yake yalikuwa ndege yenye mabawa ya mita 12 na uzito wa kilo 1,680 ikiwa tupu, uzito usiopita sana ule wa matatu ya abiria 14. Iliweza kusafiri takriban kilomita 3,100 ikiwa na tangi la ziada. Hiyo ni kama kutoka Nairobi kwenda Mombasa na kurudi mara tatu kwa njia ya anga, na mafuta ya kubakia.

Kijana alipenda sana sehemu inayofuata, nami naipenda. Kiwanda cha Mitsubishi mjini Nagoya hakikuwa na uwanja wa ndege. Ndege ya kwanza ilipokamilika ilifunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye mikokoteni ya ng'ombe, ikakokotwa pole pole mwendo wa zaidi ya kilomita 40 hadi uwanja wa Kagamigahara, maana barabara ilikuwa mbovu na lori lingeitikisa. Huko ndiko iliporuka kwa mara ya kwanza tarehe 1 Aprili 1939. Mashine ya kisasa kuliko zote nchini ilipelekwa uwanjani na fahali! Yeyote aliyeona mkokoteni ukikatiza mbele ya gari la kifahari katika jiji letu hawezi kushangaa sana.

Jeshi liliikubali mwaka 1940, ambao katika kalenda ya kifalme ya Japani ulikuwa mwaka wa 2600, na sifuri za mwisho ndizo zilizoipa jina. Mwezi Septemba mwaka huo, karibu na mji wa Chongqing nchini China, Zero 13 ziliviamia vikosi vya ndege za Kichina na kuziangusha nyingi bila kupoteza hata moja. Mwaka uliofuata ndizo zilizosindikiza mabomu ya Pearl Harbor.

Sasa turudi kwenye swali la kijana, maana jibu langu la kwanza lilikuwa la haraka mno.

Jumapili ya Pasaka, tarehe 5 Aprili 1942, manowari za kubebea ndege za Japani zilishambulia Colombo katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka. Miongoni mwa ndege zilizoruka asubuhi ile zilikuwamo Zero 36. Kisiwani humo walikuwamo askari wa brigedi kutoka Afrika Mashariki, waliofikishwa huko majuma machache tu yaliyotangulia. Siku zilizofuata Waingereza walipoteza manowari kadhaa, na meli zao zikarudi nyuma kuvuka bahari nzima. Zilirudi wapi? Kilindini, Mombasa. Pamoja nazo walikuja wataalamu wa kufumbua maandishi ya siri ya Wajapani, nao wakapewa jengo la shule ya Allidina Visram. Waliokuwa wanafunzi wa shule hiyo na wanasoma ukurasa huu wajue kwamba kutoka mle ndani ujumbe wa meli za Kijapani ulikuwa ukisomwa kama gazeti.

Mwezi Mei mwaka huo huo, ndege ndogo ya upelelezi iliyobebwa na sabmarini ya Japani ilizunguka juu ya Zanzibar na Dar es Salaam. Haikuwa Zero, ilikuwa ndege ya kutua majini, nayo haikutupa bomu. Lakini ilikuwa ya Mjapani, na watu wa pwani yetu waliokuwa nje siku ile wangeweza kuiona wakiinua macho.

Na babu je? Hapa lazima nimsahihishe mzee, jambo ambalo silifanyi kwa furaha. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyovaa alama ya kifaru begani, iliteremka Bonde la Kabaw katikati ya masika ya Burma. Askari wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walipita njia zilizogeuka mito ya tope, huku malaria na kuhara vikiwaangusha wengi kuliko risasi. Mwezi Desemba walifika Kalewa, na juu ya mto Chindwin likajengwa daraja la chuma la zaidi ya mita 350, refu kuliko yote ya aina yake wakati huo.

Zero ilikuwa ndege ya jeshi la majini. Ndege iliyotumiwa zaidi na jeshi la nchi kavu la Japani kule Burma iliitwa Hayabusa, maana yake kipanga, na ilitengenezwa na Nakajima, ile ile kampuni iliyokataa masharti ya mwaka 1937. Ukizitazama kwa mbali ni kama mapacha: kichwa cha mviringo, mwili mwembamba, kioo cha rubani katikati. Hata injini zao ni ndugu, maana injini ya Zero nayo ilitoka Nakajima. Mtu aliyelala matopeni akiwa amejifunika majani hangeweza kusoma alama. Waingereza wenyewe walikuwa wakichanganya. Tena kufikia mwisho wa 1944 ndege za Kijapani zilikuwa zimepungua sana Burma. Aliyekuwa huko aliona mara nyingi zaidi ndege za Kiingereza na Kimarekani aina ya Dakota zikidondosha magunia ya chakula kwa miavuli. Pengine ndiyo sababu ile moja iliyopita chini hakuisahau kamwe.

Sasa nikueleze upande wa pili wa wepesi ule. Ili kupata kila gramu, ndege hizi hazikuwekewa bamba la chuma mgongoni mwa rubani, wala matangi yenye mpira wa kuziba tundu la risasi. Ndege ya Kimarekani iliweza kurudi nyumbani ikiwa imetobolewa kama chekeche. Zero ikipigwa tangini iliwaka. Ilidhaniwa kwamba rubani hodari hatapigwa. Kwa mwaka mmoja na zaidi dhana hiyo ilielekea kuwa kweli.

Kisha Juni 1942 Zero moja iliharibika ikijaribu kutua katika kisiwa cha Akutan, huko Alaska. Rubani alikufa, lakini ndege ilibaki karibu nzima. Wamarekani waliipata mwezi uliofuata, wakaitengeneza na kuirusha wenyewe. Waligundua kwamba ikienda kasi sana huwa nzito kugeuka, hasa upande wa kulia, na ikiinamishwa ghafla injini hukosa mafuta. Wakawafundisha marubani wao: usizunguke naye, piga mbizi umkimbie, urudi tena kutoka juu. Zikaja pia ndege zenye injini ya nguvu za farasi 2,000. Marubani hodari wa Japani walikufa mmoja baada ya mwingine, na mtu hazalishwi kiwandani. Kufikia Oktoba 1944 Zero zilikuwa zikifungwa bomu la kilo 250 na kukabidhiwa vijana wajigonge nazo kwenye meli. Zaidi ya Zero 10,000 ziliundwa kwa jumla. Horikoshi aliishi hadi mwaka 1982.

"Kwa nini hawakuweka tu hilo bamba?" kijana aliniuliza. Nilimwambia hawakuwa na injini ya kulibeba. Akasema basi wangeruka karibu zaidi. Sikuwa na jibu, na nadhani wakubwa wa jeshi lile pia hawakutaka kulisikia.

Kutoka Dagoretti Corner endelea mbele, upite Junction, hadi msitu wa Ngong uanze kuonekana. Kabla ya kufika uwanja wa mashindano ya farasi utaona lango la makaburi ya vita. Maelfu hupita hapo kila siku wakielekea Karen na Ngong, na wengi hudhani ni bustani ya mtu. Ingia. Makelele ya barabara yatapungua ghafla, na mbele yako patakuwa na nyasi zilizokatwa vizuri na mawe yaliyopangwa safu kwa safu. Wamezikwa humo watu wapatao 1,950 wa Vita Vikuu vya Pili. Wengi hawakufa mbele ya adui. Nairobi ilikuwa makao ya jeshi na mji wa hospitali za kijeshi, na watu walikufa kwa majeraha, ajali na maradhi. Soma mawe polepole. Utayaona majina ya kwetu na ya ng'ambo.

Waliouawa Burma hawako hapa. Wasio na kaburi wameandikwa mbali sana, kwenye mnara ulio nje ya mji wa Rangoon, pamoja na majina mengine yapatayo 27,000. Lakini hapa Barabara ya Ngong upo mnara wa Afrika Mashariki, na kwenye kuta zake wamo watu wa meli ya Khedive Ismail.

Meli hiyo iliondoka Kilindini mwanzoni mwa Februari 1944 ikielekea Colombo, imejaa askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, mabaharia na wauguzi. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, ilipigwa na sabmarini ya Kijapani I-27. Ilizama kwa muda usiotimia dakika mbili. Watu 1,297 walikufa, 77 kati yao wanawake. Walionusurika hawakufika 220. Manowari za Kiingereza zilirusha mabomu ya kuiua sabmarini ile huku watu wakiwa bado wanaogelea majini.

Kijana alianza kuhesabu majina ya wapiga mizinga kwa kidole, akayakosea, akaanza upya. Baadaye akaliuliza jina la babu. Nikamweleza kwamba hapa huandikwa waliokufa, na babu alirudi.

Alirudi na kile kikombe cha bati. Walowezi waliotoka vitani walitengewa mashamba katika nyanda za juu. Askari Mwafrika aliambiwa asante, akapanda gari moshi kurudi kijijini. Mmoja wa wale waliokuwa Burma ni Waruhiu Itote, ambaye baadaye aliingia msitu wa Mlima Kenya akaitwa Jenerali China, na alichojifunza dhidi ya Wajapani akakitumia dhidi ya waliomfundisha. Babu yangu hakuingia msituni. Alilima, akanywa chai, akasimulia Siro.

Tuliandika majina yetu katika daftari la wageni, tukatoka kusubiri matatu. Bado nilikuwa na deni moja kwa kijana, nalo ni kumwambia Nakajima ilikwenda wapi. Baada ya vita Japani ilikatazwa kuunda ndege, na kampuni hiyo ikavunjwa vipande. Mwaka 1953 baadhi ya vipande viliunganishwa vikawa kampuni ya Fuji. Mwaka 1958 mhandisi wao Shinroku Momose, aliyekuwa fundi wa ndege wakati wa vita, alitoa gari dogo lenye bodi nyepesi iliyobuniwa kwa ujuzi ule ule wa ndege. Lilipewa jina la Kijapani la nyota ambazo mabaharia na wakulima wetu huziita Kilimia, na nyota zenyewe ziko kwenye nembo yake mpaka leo.

"Nyota gani hizo?" akauliza.

Sikuhitaji kumjibu. Kutoka upande wa Karen ilikuja gari ya buluu iliyotobolewa ekzosi, ikinguruma hadi ndege wa msituni wakaruka, na kijana akaisoma nembo ilipokuwa ikitupita.

"Subaru," akasema, kisha akageuka kutazama lango.